Laini ya Kitomanga

"Kobe, samaki wamepoa. Ingia ukate."

Sauti ya Apolonia, bosi wake wa Dar, ilikwaruza sikioni. Rehani, ambaye kazini jina lake ni Kobe, akaruka ukuta na bastola yake ya Glock kiunoni.

Mingoyo, Ijumaa mchana. Mtaa mzima uko msikitini.

Wauza samaki wa njia panda ndio waliomwonyesha nyumba hii, tena bila kuhongwa. "Wale watu, baba, mwaka wa pili huu hata chumvi hawajaja kuazima."

Mingoyo, asiyeazima chumvi ana jambo.

Akachokonoa kitasa. Ndani hakuna kitanda wala sufuria. Kuna boksi tu, refu kama kabati la vyombo, limechomekwa mamia ya laini za simu, vitaa vya kijani vinakonyeza.

Enzi za shirika moja la simu la serikali, mwizi angeiba nini huku? Simu ilikuwa Posta Lindi, na watu wa Kitomanga walishinda foleni kuingojea. Soko likafunguliwa. Kampuni zikamiminika, minara ikaota kila kilima, laini zikagawiwa barabarani kama njugu. Na magendo yakaja na mbinu zake. Simu ya ng'ambo inapitishwa kwenye boksi, inatokea kama imepigwa hapahapa, kodi inaliwa. Genge hili lilizidisha: liliwasikiliza wakubwa wa gesi ya Kilwa, likauza siri zao nje.

Rehani akachomeka kompyuta yake ya Toughbook, akanakili ushahidi. Kitaa kimoja kikawaka, namba ikatokea kwenye kioo. Namba ile aliijua kwa kichwa.

Ya mama yake, Kitomanga. Akafungulia sauti.

"Zuwena mwanangu, Maskati joto?"

"Joto, mama. Afadhali njia hii rahisi. Ile ya kawaida mshahara wote unaishia huko."

"Na kaka yako?"

"Rehani hajapiga, mama. Miaka minne sasa."

"Basi tumwombee."

Kwa kazi yake ya upelelezi, Rehani hakuwa na mama. Ndivyo alivyosaini.

"Kobe, kata laini. Sixbert mlinzi wao anarudi, ana bunduki."

"Si mlisema wako msikitini?"

"Sixbert msikitini afuate nini? Alikwenda kula. Kata."

"Subiri."

"Nisubiri nini?"

Mama alikuwa katikati ya dua. Alimtaja kwa jina, na jina la baba yake. Arudi salama. Apate wa kumpikia.

Mlango ukafunguka.

"We nani?" Sixbert aliuliza, bunduki mbele.

"Fundi."

Rehani akapiga teke stuli, ikamkuta Sixbert magotini. Kitako cha Glock kikamalizia kisogoni. Pingu.

"...amina," mama alikuwa anasema. "Haya mwanangu, mpaka Ijumaa ijayo."

"Amina," Rehani akajibu, na hakuna aliyemsikia.

Akang'oa waya. Vitaa vyote vikafa.

Redio ikakwaruza. "Wenzake tumewadaka wakitafuta kandambili zao nje ya msikiti. Ila ulichelewa, Kobe."

"Laini ilikuwa na mtu."

"Nani?"

"Mteja."

Njia panda, muuza samaki akachana gazeti. "Nikufungie wa wangapi, baba?"

"Wa mmoja."

Akapokea, akavuka barabara taratibu, akapita chini ya bango la kampuni ya simu lililoahidi dakika za bure kwa umpendaye.