Barua ya Bibi Vos

"Mshike. Usimwache apande basi!"

Sauti ya mkubwa wake, Fanuel Mwangeka, ilikwaruza simuni, sikioni mwa Peris Moraa, kisha ikanyamaza. Peris alikuwa anakimbia.

Hatua thelathini mbele yake, katika barabara kuu ya Kilburn, jijini London, mwanamke mwenye koti la kijani alikuwa akipenya katikati ya watu. Basi namba 16 lilikuwa limefungua milango. Akilipanda, yamekwisha.

Peris hakuchomoa bastola. Alipaza sauti.

"Dada! Umeangusha simu yako!"

Mkenya akisikia Kiswahili ugenini shingo hugeuka yenyewe. Mwanamke akageuka. Basi likafunga milango na kuondoka.

"Tulia," Peris alisema, amekwisha kumshika kiwiko. "Ukipiga kelele, nami nitapiga. Na mimi ndiye niliyevaa sare."

Sare ilikuwa ya walezi wa wazee. Kwa miezi mitatu Peris alikuwa akiivaa kila siku kwa zamu zake kule Lewisham, kusini mwa jiji, na hakuna polisi wa London aliyemtazama mara mbili. Mkobani mwake, chini ya kopo la Vaseline, ililala bastola yake, Beretta. Wachache mno walijua kwamba mlezi huyu ametumwa na idara ya usalama ya Kenya kuwasaka watu waliokuwa wakiingiza Mombasa vidonge bandia vya ukimwi. Vidonge vya chokaa.

Asubuhi hiyo ya Machi, mwaka 2004, msako ulikuwa umemfikisha kwa mwanamke huyu, Jane Mbithe, katibu wa Bibi Vos, aliyesemekana kutoroka na barua ya siri ya bosi wake.

Saa tano kamili, katika hoteli moja karibu na Marble Arch, Wamarekani na watu wa Ulaya walitakiwa kutia sahihi mkataba wa kupeleka dawa halisi kwenye kliniki za Kenya. Walikuwa wamegombana siku nne kama wake wenza. Wamarekani wa Seneta Pruitt, wahafidhina, hawakutaka hata kulisikia neno kondomu. Watu wa Ulaya, waliberali wakiongozwa na Bibi Vos wa Uholanzi, walisema kliniki isiyogawa kondomu ni nusu kliniki. Kila upande ulimwona mwenzake amepotoka. Jana tu ndipo walipokubaliana kila mtu abaki na imani yake, dawa ziende.

Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Na nyasi hizi Peris alizijua kwa jina. Mdogo wake, Francis, kule Nyamira, alikuwa amebakiwa na vidonge vya wiki tatu. Mkataba ukivunjika, kitakachobaki sokoni ni chokaa. Peris hakumwambia mtu, lakini aliogopa.

"Barua iko wapi?"

Jane aliitoa kwenye koti.

"Sikuiiba. Nimeikuta kwa file yangu leo asubuhi, haki ya Mungu! Nikajua wakinipata nayo nimeisha. Kazi, visa, kila kitu."

Peris aliisoma pale pale njiani. *Wamarekani hawa ni mbumbumbu wa kanisani. Tuchukue sahihi zao kwanza, tutawacheka baadaye.* Chini yake, sahihi ya wino: H. Vos.

Seneta akiisoma hii, atakuwa kwenye ndege kabla ya chakula cha mchana.

"Barua zote za bosi nachapa mimi," Jane alisema. "Hii siijui kabisa."

Lakini waongo nao huapa. Peris alibonyeza Nokia yake.

"Mwewe hapa. Ninaye. Barua ninayo."

"Mlete pamoja na barua," Fanuel alijibu. "Moja kwa moja mkutanoni."

"Nani alituambia anayo?"

"Kell. Mshauri wa Seneta. Kwa nini?"

"Alijuaje?"

"Una saa moja na nusu, Peris. Mlete!"

Simu ikakatwa.

Peris alisimama. Mtu akikuonyesha mwizi, na mfuko alimoficha kitu, kabla hata hujaulizia kilichoibwa, usikimbilie kumshukuru. Kell alitaka barua isomwe mbele ya watu wote, mkononi mwa katibu wa Bibi Vos. Na Fanuel? Alikuwa amedanganywa, au naye alikuwa na mkono wake humo? Alikuwa mkubwa wake kwa miaka sita. Asubuhi hiyo miaka sita haikumtosha.

"Twende," alimwambia Jane.

Hakwenda Marble Arch. Alivuka barabara na kuingia dukani kwa Jitendra.

Mzee Jitendra aliuza karatasi na vitabu vya shule River Road, Nairobi, hadi mwaka 1968 alipohamia Kilburn, na hapa pia aliuza karatasi. Hakuuliza maswali. Ndiyo maana Peris alimpenda.

"Mzee, nitazamie hii. Maneno achana nayo."

Jitendra aliipapasa kwa kidole gumba. Kisha akachomoa karatasi nyeupe kwenye bunda lake, akaziweka pamoja juu ya meza, pembe kwa pembe.

Hazikulingana.

"Ona, dada. Yako fupi kwa chini, pana kwa upande. Hii saizi ya Amerika. Mimi miaka thelathini na sita hapa, hii hapana uza hata moja. Uholanzi pia hapana."

"Kwa hiyo Mholanzi angeipata wapi?"

"Abebe kwa ndege. Nani wazimu nabeba karatasi kwa ndege?" Aliiinamisha kwenye mwanga. "Tena printa yake iko na kidonda. Ona."

Kando ya barua, kidole kimoja kutoka ukingoni, ulishuka mstari mweusi mwembamba kama unywele.

Peris aliitia barua mkobani. Sasa alimwamini Jane.

"Mkalishe nyuma, mzee. Asitoke."

"Nampa chai," alisema Jitendra.

Saa nne na dakika arobaini, Peris alipanda ngazi za hoteli. Fanuel alikuwa mlangoni pa chumba cha Kell, namba 412, tai imelegea.

"Katibu yuko wapi?"

"Salama. Mkubwa, nipe dakika tano na Kell. Ukiniona nimekosea, nifukuze kazi."

Fanuel akafungua mlango, akaingia pamoja naye. Angekuwa na hila, Peris aliwaza, angenizuia hapa.

Kell alikuwa mtu nadhifu, mwenye meno mengi. Mezani palikuwa na kompyuta ya ThinkPad, printa ndogo ya Canon na bunda la karatasi. Hata maji yake ya kunywa yalitoka kwao.

"Hutumii vifaa vya hoteli, bwana?" Peris aliuliza.

"Ulaya?" Kell alicheka. "Kila mashine hapa ina masikio. Mimi husafiri na vyangu."

"Una busara. Barua tumeipata. Lakini ubalozi wetu hauwezi kuisoma mkutanoni bila maelezo yako. Mistari mitatu, uliijuaje. Na sahihi."

Kell alitabasamu, akachapa. Printa ikakoroma na kutema karatasi. Peris akaiokota kabla haijapoa, akaiweka juu ya ile barua, pembe kwa pembe.

Zililingana. Na mistari miwili myeusi ikashuka mahali pamoja.

Fanuel aliona. Kell aliona kwamba Fanuel ameona.

Mkono wa Kell ukaingia ndani ya koti. Peris akaipiga meza teke, printa ikamwangukia mapajani, na alipoinua macho mdomo wa Beretta ulikuwa baina ya nyusi zake.

"Thubutu."

Hakuthubutu. Fanuel alimpokonya bastola, kisha simu. Namba ya mwisho aliyoipigia Kell ilikuwa ile ile ambayo Peris alikuwa akiiwinda kwa miezi mitatu. Namba ya wauza chokaa.

Saa tano kasoro dakika mbili, karatasi zote mbili zilikuwa mbele ya wakubwa. Seneta Pruitt alizitazama muda mrefu, uso umemwiva.

"Ningeiamini," alimwambia Bibi Vos. "Ningeiamini kabla ya kumaliza kuisoma."

"Mimi nami ningeamini lolote baya juu yako," alijibu Bibi Vos.

Wakatia sahihi. Wino haujakauka, wakaanza kugombania taarifa ya magazeti, kama neno kondomu liwemo au lisiwemo. Peris aliegemea mlango, macho yamemjaa machozi. Wacha wagombane. Meli ya dawa ilikuwa inaondoka Ijumaa.

Fanuel alimfuata hadi kwenye lifti.

"Ningekuzuia leo," alisema polepole, "au wewe ungenitii mimi, tungeua watu."

"Ndiyo, mkubwa. Hata wewe nilikushuku."

"Najua. Ripoti lini?"

"Kesho. Leo nina zamu Lewisham saa nane. Kuna bibi wa miaka tisini na moja anangoja kuogeshwa."

Lifti ikafunga milango. Dakika mbili baadaye mlezi mmoja wa Kiafrika alishuka ngazi za stesheni ya Marble Arch, mkoba begani, na hakuna aliyegeuka kumtazama.