Maji ya Ubatizo wa Arlène

Thérèse husuka nywele katika saluni ndogo huko Troyeville, Johannesburg. Vidole vyake hufanya kazi vyenyewe. Mawazo yake huenda Uvira, Kongo, alikozaliwa. Huko ziwa hulala kimya asubuhi, na milima husimama ndani ya maji, kichwa chini. Thérèse alibatizwa katika ziwa hilo akiwa na miaka kumi na miwili.

Sasa binti yake Arlène ana miaka kumi na miwili. Jumapili atabatizwa katika mto mdogo ulio chini ya mtaa wao. Gauni jeupe limepigwa pasi. Linaning'inia dirishani na kupepea polepole, kama mtu anayengoja.

Jumatatu Thérèse alimfumua nywele mteja wake, mama Denise. Misuko ya zambarau ilijaa sakafuni.

"Usitupe nywele zangu kwenye pipa la taka," alisema mama Denise. "Watu unawajua."

"Nawajua, mama. Zitakwenda na maji."

Wateja wengi waliogopa hivyo. Walisema adui akiokota nywele zako atakuroga. Basi kila jioni Thérèse alifunua chemba ya maji machafu nyuma ya saluni, akamwaga nywele zote humo. Maji yalizibeba. Yeye alirudi ndani kufagia, moyo mweupe.

Alhamisi Thérèse na Arlène walishuka mtoni kuchagua mahali pa ubatizo. Maji yalikuwa maangavu. Jua lilicheza juu ya mawe. Katikati alisimama mwanamke mwenye buti ndefu za mpira, akijaza chupa. Alikuwa Vestine, jirani yao Mrundi, anayeipimia serikali maji ya mito.

"Dada Vestine, unavua samaki?" Thérèse alimtania.

"Ningempata mmoja ningefanya sherehe. Msiguse maji, mama Arlène."

"Mbona yanang'aa?"

"Hata sahani iliyolambwa na mbwa inang'aa."

Vestine aliinua jiwe. Chini yake minyoo myekundu ilijipinda.

"Mto wenye afya una watoto wa kereng'ende chini ya mawe," alisema. "Hapa wamekufa. Imebaki minyoo hii, inayovumilia uchafu. Kila mwezi tunachota maji mahali palepale, maabara inatafuta vijidudu vya kinyesi. Mwezi huu ni vingi mno. Mtoto akimeza maji haya, ataharisha vibaya."

"Na ubatizo wangu?" aliuliza Arlène.

"Si humu, mwanangu."

Arlène aligeuka, akafuta macho kwa mkono.

"Eish! Serikali imekaa tu!" Thérèse alifoka.

"Serikali ndiyo hii, imevaa buti. Njooni."

Walipanda kandokando ya mto. Vestine alipima tena na tena. Juu ya mahali ambapo mfereji mmoja wa maji ya mvua uliingia mtoni, mto ulikuwa na nafuu. Chini yake, ulinuka.

"Uchafu unaingilia hapa," alisema.

Waliufuata mfereji, barabara kwa barabara, mpaka nyuma ya saluni. Chemba ilikuwa imefurika, na maji meusi yalitiririka mferejini. Vestine alipiga simu.

Kesho yake mafundi walisukuma fimbo ndefu ndani ya bomba. Walipovuta, lilitoka fundo la nywele kubwa kama kondoo.

"Mama," alisema Arlène, "hiyo zambarau ni ya mama Denise."

Thérèse alisogea karibu na fundo. Kisha akasema, "Ni mimi."

"Ni wewe," alisema Vestine. "Na mafuta ya kupikia wanayomwaga majirani. Bomba likiziba, kinyesi kinapanda, kinaingia kwenye mfereji wa mvua. Mfereji hausafishi kitu. Unapeleka mtoni moja kwa moja."

Jumapili mchungaji Ruphin alijaza maji ya bomba katika tangi kubwa uani kwa kanisa. Arlène alizama, akaibuka, gauni likimetameta. Watu waliimba. Thérèse aliimba pia, lakini macho yake yalitazama upande wa mto.

Tangu hapo kila mteja hupewa mfuko wa karatasi.

"Nizibebe nywele kwenye teksi?" alilalamika mama Denise.

"Zibebe. Nyumbani kwako mchawi hana ufunguo."

Serikali ilibadilisha bomba, kwa kuwa lilikuwa pia limepasuka. Iliweka wavu mdomoni mwa mfereji, ikapanda matete ukingoni, ikasimamisha kibao: USIOGE HAPA. Vestine aliendelea kuchota chupa zake.

Baada ya miezi minane, aliwaita. Arlène aliazima buti za Vestine na kuinua jiwe. Mdudu mdogo wa kahawia alitembea taratibu.

"Mtoto wa kereng'ende!"

"Vijidudu vimepungua," alisema Vestine. "Lakini bado si maji ya kuoga. Mto hupona polepole."

Thérèse alitazama matete yakiinama na kuinuka. Kwa kitambo, milima ya Uvira ilisimama ndani ya maji yale, kichwa chini.

"Glody, mdogo wake Arlène, ana miaka tisa," alisema. "Tuna miaka mitatu mpaka ubatizo wake."