Miwa Katika Kasha la Gitaa

Mlinzi wa kiwanja cha ndege cha Kakamega alipofungua kasha, hakukuta gitaa. Alikuta vipande vya miwa vilivyoviringishwa katika blanketi.

Inspekta Jeruto alikikwaruza kimoja kwa ukucha. Chembamba, kigumu. Muwa unaouzwa mjini ni mnene na laini, wa kutafuna. Huu ulikuwa wa kupelekwa kiwandani.

Mwenye kasha, Mitchel, alikuwa akisafiri ng'ambo kupitia Nairobi na gitaa la marehemu baba yake, Shikanga.

"Ulilipakia lini?"

"Jana jioni, nyumbani Shieywe. Nikalegeza nyuzi, shingo isivunjike ndani ya ndege."

"Nani mwingine alilala hapo?"

"Baba mdogo Titus. Alikuja kuniaga. Aliondoka alfajiri."

"Analima nini?"

Mitchel alilitazama kasha. "Miwa. Huko Matungu."

Huko Matungu walimkuta Titus ameketi kando ya kaburi la kaka yake, Shikanga, gitaa mapajani, chupa tupu ya soda miguuni. Jeruto aligusa uzi mmoja. Ulilia sawasawa.

"Nyuzi zilikuwa zimelegezwa. Nani amezikaza?"

"Mimi, afande. Miaka yote nilimkazia. Yeye anapiga, mimi nakwaruza chupa kumshikia mdundo. Uliza harusi za Navakholo."

"Kwa hivyo uliliiba."

"Nililichukua. Wewe andika unavyotaka."

"Kwa nini?"

"Tuliahidiana. Atakayetangulia, mwenzake amuage kwa gitaa hili, hapa kaburini. Wakati wa mazishi nilikuwa nimelazwa hospitalini. Jana nikamwomba huyu mtoto apitie hapa kwanza. Akasema ndege haingoji."

Mitchel alitazama chini.

"Na umeshapiga?" Jeruto aliuliza.

Titus alitazama vidole vyake. "Sijui kupiga. Tangu asubuhi nakaza nyuzi tu."

Jeruto alitoa pingu, akamgeukia Mitchel. "Mlalamikaji ni wewe. Nimpeleke kituoni?"

Mitchel aliketi nyasini, akalipokea gitaa kutoka mapajani mwa mzee.

"Wimbo gani, baba mdogo?"

"Ule aliokufundisha kwanza. Lakini usikimbie. Baba yako alikuwanga na haraka, chupa inabaki nyuma."

Mitchel alianza taratibu. Titus akaiokota chupa, akasikiliza kidogo, akaingia.

Jeruto alirudisha pingu kiunoni. Gitaa na chupa, hakuna kilichobaki nyuma.