Kimya Kati ya Mapigo

Kila siku ilipokaribia saa sita mchana, Hilaria aliacha alichokuwa akifanya, akavuka uwanja wa kanisa na kuchukua nyundo nyuma ya mlango. Kengele ya kigango chao, juu kidogo ya kijiji cha Nangwa, haikuwa kengele hasa. Ilikuwa sahani ya plau iliyochakaa, chuma cha duara ambacho baba yake, dereva wa trekta kwenye mashamba ya ngano ya serikali, alikiomba kazini akapewa. Ilining'inia mtini, na sauti yake ilifika mbali.

Kugonga kulikuwa na utaratibu. Kwa sala ya Malaika wa Bwana, aligonga mapigo matatu halafu kimya, mara tatu, kisha mapigo mengi ya haraka. Katika kila kimya watu waliokuwa mashambani walisimamisha majembe wakasali. Akifa mtu, mapigo yalikuwa ya polepole, moja moja, na kila aliyeyasikia aliacha kazi akaja.

Hilaria alikuwa na miaka kumi na miwili, na alikuwa amegonga mwaka mzima bila kukosea. Mama yake alifariki wakati wa Kwaresima. Siku ya mazishi Hilaria hakutoa chozi, na watu wakamsifu kwamba ni mtoto jasiri. Kumbe hapakuwa na ujasiri wowote. Ndani yake palikuwa patupu tu. Alipika uji, akachota maji, akasali rozari na bibi yake bila kuruka hata punje moja, na hakuna kilichomgusa. Chakula hakikuwa kitamu wala kibaya. Mambo yakaenda hivyo mpaka mwezi wa sita, kombaini za kuvunia ngano zilipoanza kunguruma kule bondeni.

Siku moja ya likizo aligonga kama kawaida. Hakuwa akiwaza michezo, wala hakuwa akiwaza lolote. Mkono ulipanda, ukashuka. Alipomaliza alirudisha nyundo, akaenda kukaa kibarazani kwa bibi, kando ya uwanja wa kanisa, kuchambua maharage.

Hata ungo mmoja haujaisha, wakafika wanaume watatu wamebeba majembe na sururu, tayari kwa kuchimba kaburi.

"Nani amefariki?" mmoja akauliza.

"Hakuna," alisema Hilaria.

"Mbona umegonga msiba?"

Kabla hajajibu akatokea Mama Bura, mjane aliyelima ng'ambo ya korongo. Mwanawe wa pekee, Bura, alikuwa amelazwa hospitali ya misheni kwa homa ya mapafu, wiki nzima sasa. Mama huyo alikuwa amekimbia njia yote. Alikuwa ameanguka korongoni, na damu ilimtiririka mguuni. Hakuuliza jina la aliyefariki. Alikaa chini kwenye vumbi, akasema, "Niambieni tu."

Katekista wao, Mwalimu Ignasi, alitoka kanisani mbio akamweleza kwamba Bura yu hai na hakuna taarifa yoyote mbaya. Ilibidi arudie mara tatu ndipo Mama Bura alipoelewa.

Hilaria aliitazama ile damu. Alijua alipaswa kusikia huruma, lakini hakusikia kitu, na hilo lilimwogopesha kuliko kosa lenyewe.

Wazee wa kigango walitaka nyundo apewe mwingine. Mwalimu Ignasi akawaomba wamvumilie kwa siku moja. Walipoondoka alimwita Hilaria kanisani, wakakaa kwenye benchi la nyuma.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ulikuwa wapi ulipokuwa ukigonga?"

"Pale mtini."

"Mkono ulikuwa pale. Na wewe je?"

"Sijui, Mwalimu. Tangu mama azikwe sisikii kitu. Nasali sala zote, lakini ni kama anasali mtu mwingine. Hata Mama Bura sikumwonea huruma."

Mwalimu hakumkemea. "Siku ya mama yako niligonga mimi. Unakumbuka nilivyogonga?"

"Polepole. Moja moja." Hapo ndipo Hilaria alipotambua kwamba na yeye amegonga vilevile.

"Mkono wako umekumbuka kitu ambacho wewe unakikimbia," alisema Mwalimu. "Kesho ugonge tena. Kwenye kimya usijilazimishe kusikia uchungu wala furaha. Sikiliza maneno unayoyasema, basi. Mama Bura atakuwepo. Ameomba asimame karibu, maana sasa anaiogopa kengele."

Kesho yake Hilaria aligonga mapigo matatu. Katika kimya cha kwanza alisali, akasikia pia pumzi za Mama Bura pembeni yake. Katika cha pili maneno yalipita makavu. Katika cha tatu alifika pale tunapomwomba Mama Maria atuombee sasa na katika saa ya kufa. Maneno hayo alikwisha kuyasema maelfu ya mara. Leo aliyasikia. Mama yake naye aliipitia saa hiyo, katika chumba cha ndani, na Hilaria alikuwa nje akichochea moto.

Machozi yakatoka, si mengi. Kimya kikarefuka kupita kawaida, na huko mashambani watu wakangoja.

"Malizia, mwanangu," Mama Bura alisema kwa sauti ya chini. "Wanakusubiri."

Hilaria akapiga mapigo ya haraka, akashusha nyundo.

Mwalimu Ignasi aliwasogelea. "Watu hudhani sala imeharibika mtu asipoguswa moyoni," alisema. "Sivyo. Huharibika mtu anapoondoka akaacha midomo na mikono ifanye kazi peke yake. Ukiwa mkavu, njoo hivyohivyo mkavu, lakini njoo wewe mwenyewe. Na ukiwepo mbele ya Mungu, utamwona hata mwenzako aliye kando yako."

Hilaria akamgeukia Mama Bura. "Nisamehe, mama. Jana nilikutia hofu, na sikukuonea huruma."

"Na leo?"

"Leo naogopa pamoja na wewe."

Mama Bura alimshika mkono. "Basi tumwombee Bura sote wawili," alisema. "Taratibu, bila haraka."