Vidoa Pembeni ya Doa

Ndugu zangu wa Mwitongo, leo nasema, na atakayenuna anune.

Asubuhi hiyo dada yangu Benedikta alikuwa uani anachambua maharage, miguu kainyoosha juani, mumewe Thadeo anakamua ng'ombe. Nyumba imetulia. Jirani yao Ghati akaja kuazima ungo, akaona doa jeusi kwenye unyayo wa dada, dogo kama punje ya ulezi.

"Mama Flora, hilo doa silipendi. Nenda hospitali."

Kosa lake ni hilo tu! Alipotoka, Thadeo akauliza, "Kwa nini huyu anaangaliaga unyayo wa mke wangu?" Akaamua dada amekanyaga dawa iliyotegwa njiani, na aliyetega ni Ghati. Akaletwa mganga, doa likachomwa kwa chuma cha moto.

Kidonda hakikupona. Baada ya miezi kadhaa vidoa vidogo vikajitokeza pembeni yake. Kila kidoa kipya, Thadeo anasema, "Ametega tena." Watoto wakakatazwa kumsalimia Ghati. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilikuwaga nafunika ndoo yangu akija kisimani. Mwisho mama wa watu akahamia kwa kaka yake huko Bunda.

Vidoa vikaendelea kuongezeka. Je, hapo nani alikuwa anatega?

Flora, binti yao anayeishi Nyasho, akaja akamchukua mama yake kwa nguvu hadi hospitali mjini Musoma. Kinyama kikakatwa, kikapimwa.

"Ni saratani ya ngozi," daktari akasema. "Hivi vidogo vimetoka kwenye lile doa kubwa. Vikionekana, ujue imeanza kusambaa."

"Tungekuja likiwa doa moja?" Flora akauliza.

"Tungelikata mapema. Pengine angepona."

Mguu ulikatwa, lakini ugonjwa ulishafika kwenye mapafu. Kabla dada hajakata roho, Thadeo alimpigia Ghati simu kuomba msamaha.

"Uliniita mchawi mbele ya watu," Ghati akajibu. "Kanisafishe mbele ya watu."

Siku ya mazishi Thadeo akasimama kaburini. "Ghati hana kosa. Yeye alimwambia mke wangu aende hospitali. Mimi nilimzuia."

Wengi wetu tulikuwa tunaangalia chini.

FUNZO

Doa jipya kwenye unyayo, au linalokua, lipelekwe hospitali likiwa bado moja. Usilichome, usilikate nyumbani. Na ukianza kutafuta mchawi, jua ugonjwa hausubiri. Sisi tulimlinda Benedikta dhidi ya mtu pekee aliyemwonya mapema.