Nambari ya Sieni

Kila asubuhi Sieni aliamshwa na sauti ileile: tiii, tiii. Kidoleni alivaa kibanio chenye waya, na waya uliingia kwenye mashine ya kupima pumzi iliyokaa kando ya kitanda chake cha hospitali. Homa ya mapafu ilikuwa imemwachia. Uji wa kakao sasa aliumaliza mpaka bakuli likang'aa.

Lakini mama hakuliona bakuli. Aliangalia nambari kwenye mashine. Aliipiga picha, akaituma kijijini kwao, kisiwani Savai'i, na bibi akaisoma mbele ya watu kwenye sala ya jioni. Ikipanda, wote waliitika amina. Ikishuka, hata nguruwe walifunga kula.

Sieni akikohoa, mama aligeukia mashine. Akicheka, mashine. Wenzake walicheza karata barazani. Yeye akijongea kidogo tu, kibanio kilichomoka, king'ora kikalia, mama akaruka. Basi akazoea kulala kama gogo.

"Umechoka, mwanangu?" mama aliuliza, macho kwenye kioo cha mashine.

"Hapana, mama."

Siku hiyo Sista Vaimoana, muuguzi wa wodi, alikuja. "Mama Sieni, daktari amesema waya utoke. Mtoto anapumua vizuri. Nitakuwa napita kumpima."

"Thubutu! Ukitoa nitajuaje hali yake? Na bibi yake nimtumie picha ya nini, ya mto wa kulalia?"

"Sieni mwenyewe anasemaje?"

Sieni alitaka kujibu kama kawaida. Safari hii akasema kweli. "Nimechoka, mama. Nilikuwa nakudanganya ili usiogope. Uko hapa, lakini unaiangalia ile. Mimi nimebaki peke yangu."

Sista akaushika mkono wa mama, akauweka kifuani pa Sieni.

"Hapa. Mbavu zikibonyea ndani akivuta pumzi, au akishindwa kumaliza sentensi, niite mbio."

"Huyu? Sentensi zake huwa haziishi!"

Wakacheka. Kibanio kikatoka, mashine ikanyamaza. Mama akautazama uso wa mwanawe kwa muda mrefu.

"Umekonda," akasema polepole.

"Mashine hupima pumzi, upweke haiujui," Sista akasema. "Sieni, mgonjwa akificha ukweli, hata anayempenda hutibu pasipouma."

Mama akavua kandambili, akapanda kitandani, akamkumbatia. "Haya, niambie. Wapi kwingine panauma?"