Nyumba Moja Kwenye Kona ya Gucha

Tope lilikuwa limeelea juu.

Pamela Anyiko aliiona chupa hiyo asubuhi na mapema, leso ingali kiunoni, maji ya chai yakichemka. Kazi yake ilikuwa mito. Alipima kina chake na mwendo wake, na mvua zilipozidi aliwapigia simu watu wa kandokando wahame kabla maji hayajawafikia. Kila wiki aliteka maji ya mto Gucha kwenye kituo cha kupimia kilicho chini ya Nyamache, ili ajue mto unabeba udongo kiasi gani. Stoo ya ofisi ilikuwa inavuja, kwa hiyo chupa zake alizipanga kwenye rafu ya jikoni, nyumbani kwake Sironga, zikae mpaka udongo uzame.

Udongo huzama, hata mtoto anajua. Chupa zote zilikuwa zimetulia, tope chini, maji juu, isipokuwa hiyo moja. Tope lake jekundu lilikaa juu kama kifuniko, na chini yake maji yalikuwa meupe, safi kabisa.

Aliitikisa, akairudisha. Alipomaliza kumimina chai kwenye thermos, tope lilikuwa limeshapanda tena.

"Baba Vale, hebu njoo uone hii."

Mumewe, Ouma, aliyekuwa na duka la vipuri vya pikipiki mjini Nyamira, alikuja akifunga vifungo vya shati. Aliitazama chupa bila kuigusa.

"Labda imeingia mafuta."

"Mafuta hayabebi udongo."

"Basi mwaga, tusichelewe."

Pamela akaimwaga kwenye sinki, akafungua mfereji, maji yakasukuma lile tope likashuka na bomba. Akasahau.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Ilikuwa harufu ya mto uliofurika ukarudi, matope mabichi, majani yaliyooza na kitu kingine chini yake, kizito, kama nyama iliyosahauliwa ndani ya mfuko. Pamela alimwaga dawa kwenye sinki, akasugua sakafu kwa sabuni ya kipande. Alasiri sakafu ikawa na maji tena, ingawa hakuna aliyemwaga na dari ilikuwa kavu.

Kisha akamkuta Valentine, binti yao wa pekee aliyekuwa amesoma darasa la kwanza muhula mmoja tu, amepiga magoti chini ya sinki, sikio lake kwenye bomba.

"Unafanya nini hapo?"

"Namsikiza anko."

"Anko gani?"

"Anko Haron. Anasema miguu yake imekwama, na mawe ni baridi."

Pamela alishika ukingo wa sinki. Haron alikuwa fundi wa vipimo, mwenzake wa kazi, aliyetumbukia mtoni msimu wa mvua uliopita walipokuwa wakirekebisha kituo. Walimpata siku nyingi baadaye, miguu imebanwa kati ya mawe mawili, na ni Pamela mwenyewe aliyeshika kamba wakati wanamng'oa. Habari hiyo hakuwahi kumwambia mtoto. Hata Ouma alimwambia nusu tu.

Jioni hiyo, Ouma akiwa bado dukani na mtoto yuko sebuleni, Pamela alikuwa anaosha vyombo aliposikia akiitwa kwa upole, kama Haron alivyomwita kila asubuhi akifika ofisini.

"Madam Pam."

Sahani ilimponyoka.

"Haron?" alinong'ona.

"Haron yuko huku. Mimi natumia sauti yake tu. Yangu hungeipenda."

Alifunga mfereji. Sauti ilipanda kwenye bomba taratibu, na kila neno lilikuja na pumzi ya ile harufu.

"Mlikuja kwangu mkachimba, mkamwaga zege kwenye kidimbwi changu, mkasimamisha vibao vyenu vya namba. Nilinyamaza. Lakini hizi simu zako, madam, hizi siwezi. Zamani nikipanda, nakula. Sasa nikipanda nakuta mbuzi na migomba. Watu wote wako juu kilimani wananitazama."

"Unataka nini?"

"Mvua inakuja. Niachie nyumba moja. Wengine wote wapigie, sitawagusa. Nyumba moja tu."

"Na nikikataa?"

Bomba likacheka, cheko la maji yanayomezwa. "Basi nitamchukua huyu anayeniwekea sikio."

Ouma hakubisha aliposimuliwa. Kabla ya kusimuliwa alikuwa ameshaona kwa macho yake. Asubuhi iliyofuata waliamshwa na kilio, wakamkuta Valentine kitandani ameloa kuanzia kiunoni kwenda chini, shuka limejaa matope, na kwenye kifundo cha mguu wake vidole vyembamba na virefu kupita vya mtu vilikuwa vimeacha alama nyekundu, na alama hizo zilipoguswa zilikuwa baridi kama bati la alfajiri. Ouma alimfunga mtoto kwenye koti lake, akatoka naye bila hata kunywa chai. Aliporudi mchana alisimama katikati ya jikoni akasema kwa sauti kubwa:

"Nimempeleka Vale kwa dada yangu Adhis, Kisii mjini. Anakaa ghorofani. Huko mto haupandi."

Pamela alilia kwa kushukuru. Alimpigia Adhis, akaambiwa mtoto yuko salama, yuko nje anacheza na wenzake, asisumbuliwe. Moyo ukatulia kidogo.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Mawingu yalikaa juu ya vilima vya Nyamira tangu saa sita, meusi, bila kusogea, na alasiri kipimo cha maji kilichoko upande wa chanzo cha mto kikaleta ujumbe kwenye simu yake. Maji yalikuwa yamepanda kupita alama ya juu kabisa, na bado yalikuwa yanapanda. Pamela alijua mwendo wa mto ule kuliko alivyojua mwendo wa mumewe. Wimbi lingefika Nyamache kabla ya jua kutua.

Akaanza kupiga simu. Alimpigia chifu. Alimpigia karani wa kituo cha kununulia majani ya chai, akawapigia wafyatua matofali wa bondeni na kina mama wenye mashamba ya mboga ng'ambo. "Tokeni sasa. Acheni vitu. Pandeni." Alisikia vilio na milango ikibamizwa, ng'ombe wakiswagwa.

Likabaki jina moja.

"Huyo," ilisema sauti kwenye sinki. "Huyo ndiye wangu."

Nyangau alikuwa mkulima aliyekaa peke yake na mkewe kwenye kona ya mto, chini tu ya kituo, nyumba ambayo ungeweza kupita mwaka mzima bila kuiona kwa jinsi migomba ilivyoifunika. Asubuhi na jioni alimsomea Pamela kina cha maji kwa simu. Mkewe, Mong'ina, ndiye aliyemshika mkono na kumwombea mimba ya Valentine iliposumbua, na hakuwahi kumruhusu aondoke mtoni mikono mitupu, lazima apewe mkungu wa ndizi. Pamela alikiweka kidole gumba juu ya jina hilo na hakulibonyeza, kwa sababu leo ni Sabato, alijiambia, na Sabato Nyangau na mkewe hushinda kanisani mpaka jioni kabisa, kwaya yao haikosi, kila mtu anajua, na jini limeomba nyumba, halikusema watu, basi lichukue nyumba, lichukue udongo na mabati na sufuria, yeye mwenyewe atachanga wajengewe nyingine nzuri zaidi mahali pa juu zaidi, na Vale ataishi, na hakuna atakayekufa, na hakuna atakayejua. Akailaza simu mezani, uso chini.

"Asante, madam," ilisema sauti ya Haron.

Mlango ukafunguliwa. Ouma aliingia ameloa chepechepe.

"Nimesikia mto unakuja. Umewapigia watu?"

"Nimewapigia."

"Na Nyangau?"

Pamela alitazama sakafu. "Si wako kanisani? Leo ni Sabato."

"Pam." Ouma alisogea karibu, akashusha sauti hadi ikawa pumzi. "Umempigia Nyangau au hukumpigia?"

"Limeniomba nyumba moja tu, Baba Vale. Nyumba tupu. Kwa ajili ya Vale."

Uso wa Ouma ulikufa pale pale, mbele yake.

"Mong'ina hakwenda kanisani. Amefunga, anaomba. Anamwombea Vale." Alimshika mabega. "Vale yuko kwao."

"Ulisema yuko kwa Adhis! Adhis mwenyewe aliniambia!"

"Nilimpanga Adhis aseme hivyo! Nilisema hapa ndani ili hicho kitu kisikie, kimtafute Kisii, kisimwazie aliye mlangoni pake! Na maji yakipanda, nilijua wewe ungewapigia wa kwanza! Ningekuambia wewe vipi, na kila tunachosema humu kinasikia?"

Kwenye sinki, maji yakameza, yakacheka.

Pamela alinyakua simu, akapiga namba ya Mong'ina mwenyewe. Ililia mara nyingi, naye akawa anatembea jikoni huku na huku, akilitaja jina la Mungu, Nyasaye, kwa Kijaluo chake, jina lile lile ambalo Mong'ina alilitaja kwa Kigusii chake, mpaka mwishowe mtu akapokea, na nyuma ya sauti kulikuwa na kishindo cha mvua juu ya mabati.

"Halo? Nani?" Ilikuwa Mong'ina.

"Mama, tokeni! Mbebe mtoto, pandeni juu, sasa hivi!"

"Halo? Sisikii, mabati yanapiga kelele. Ni wewe, Mama Vale?"

"Maji! Maji yanakuja! Kimbieni!"

Kisha Mong'ina akasema, si kwa simu, "Ee Nyasae," na simu ikaanguka mahali, haikukatika, na Pamela akasikia miguu ikikimbia, akasikia Valentine akiuliza jambo kwa sauti ya usingizi, akasikia kitambaa kikikung'utwa na kufungwa, kisha kitu kikubwa kikaegemea nyumba ile kama ng'ombe anavyoegemea ua, mbao zikalia, na baada ya hapo kulikuwa na mto tu, mto ukizungumza sikioni mwake, mpaka simu ilipozama.

Mong'ina alipatikana Jumatatu, kwenye shamba la miwa. Leso aliyombebea mtoto ilikuwa bado mgongoni, fundo limekaza kifuani kama alivyolifunga. Ndani yake hamkuwa na kitu. Valentine hakuonekana, hata walipotafuta hadi mto unapopanuka kwenda ziwani.

Nyangau alikuwa kanisani wakati ule, ndiyo maana alipona. Kwenye mazishi ya mkewe alimwendea Pamela, kofia mkononi, mtu aliyezeeka kwa siku chache.

"Madam, ng'ambo wote walipata simu yako mapema. Mimi pia nilikuwa na simu mfukoni." Alisita, kana kwamba anaona haya kuuliza. "Mbona hukunipigia?"

Pamela alifungua mdomo.

"Ni netiwaki," Nyangau alimjibia mwenyewe haraka, akimwonea huruma. "Kwa kona yetu hupotea. Na wewe umepoteza mtoto. Nisamehe kwa kuuliza."

"Ndiyo," alisema Pamela. "Netiwaki."

Ouma alikuwa amesimama nyuma yake. Alilisikia jibu hilo lote. Aligeuka akateremka barabarani, na usiku huo hakulala Sironga, wala usiku mwingine wowote.

Wazee wa kanisa walikuja wakaiombea nyumba, chumba kwa chumba, mikono juu ya kuta, na jikoni walikaa muda mrefu zaidi. Harufu ikaondoka. Sakafu ikakauka. Mfereji ulitoa maji na bomba likayapokea bila neno. Walimwambia Pamela amshukuru Mungu, pepo limetoka. Akawashukuru, akawapa chai, na walipoondoka alipiga magoti chini ya sinki, akaweka sikio lake kwenye bomba, akakaa hivyo mpaka shingo ikauma.

Bomba lilikuwa tupu.

Asubuhi moja, ukungu ukiwa bado mzito juu ya Gucha, alishuka peke yake hadi kwenye kona. Zege la kituo lilikuwa limeng'olewa lote. Mahali pa nyumba palikuwa na mchanga laini, umesawazishwa vizuri, kama kitanda kilichotandikwa. Aliingia majini na viatu vyake, yakamfika magotini, kisha kiunoni.

"Ulichukua sauti ya Haron," alisema. "Basi nipe ya kwake. Neno moja. Nitakupa unachotaka, nyumba yoyote, hata zote, nitaizima simu. Niache tu nimsikie."

Mto uliendelea na safari yake. Alirudia, akapaza sauti, akapiga maji kwa viganja akiita, "Vale! Vale wangu!" hadi koo likakauka.

Ndipo sauti ikatoka chini, karibu kabisa na miguu yake. Haikuwa ya Haron, wala haikuwa ya mtoto. Ilikuwa ya Mong'ina, ya upole, iliyoshushwa kama mama anavyoshusha sauti akiwa na uzito mgongoni.

"Polepole, Mama Vale. Ndio kwanza amelala. Usimwamshe."